Ndani ya Fungu la Perege

Mama yangu aliuza samaki wakavu katika soko la Tabora tangu kabla sijaanza shule hadi miguu ilipomkatalia. Mzigo aliufuata Nguruka, stesheni ya reli ya kati ambako samaki wa Ziwa Sagara na wa mbuga za Mto Malagarasi hukusanywa kabla ya kusafirishwa. Alirudi kwa treni ya usiku, na sisi watoto tulijua amefika kabla hajabisha hodi, maana harufu ya moshi ilimtangulia mlangoni.

Mezani kwake majina yalikuwa machache. Kambare. Kamongo. Gogogo, ambaye miiba yake ilitutoboa vidole. Na perege. Samaki yeyote mpana, mwenye magamba na miiba ya mgongoni, alikuwa perege. Akapangwa kwenye fungu la perege, akauzwa kwa bei ya perege. Perege ndio walionisomesha. Ndiyo maana, baada ya kustaafu kufundisha baiolojia, nimewapa samaki hao muda wangu kuliko jambo lingine lolote.

Lililonishika ni hili: perege wa mama hakuwa samaki mmoja. Katika maji ya Malagarasi wanaishi perege wa aina kadhaa, na wawili kati yao kwao ni bonde hili tu, huwakuti wakiwa wenyeji penginepo: Oreochromis malagarasi na Oreochromis karomo. Huyu wa pili, karomo, alielezwa kisayansi na Mbelgiji Max Poll mwaka 1948. Leo yumo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Bila shaka alipita mezani kwa mama mara nyingi, katikati ya wenzake, kwa jina lisilo lake.

Nitamweleza kidogo, kwa sababu mtu hamlilii asiyemjua. Miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwepo mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe, ambaye baadaye alijulikana kama Lowe-McConnell, akifanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lililokuwa Jinja. Aliwachunguza karomo wakizaliana katika Malagarasi, akachapisha alichokiona mwaka 1956. Dume huja kwenye maji mafupi, hubeba mchanga kwa mdomo, hujenga kichuguu kifupi, kisha hukisawazisha juu kikawa kama kijukwaa. Jirani yake hujenga chake, na jirani wa jirani vilevile, hadi pale mahali panakuwa kama gulio. Chini ya tumbo la dume huning'inia kishada kirefu mfano wa shanga. Jike huja, hutaga juu ya kijukwaa, huyaokota mayai papo hapo na kuyafumbata kinywani, na humo ndimo vifaranga hutotolewa na kulelewa mpaka waweze kujitegemea.

Mfikirie basi mvuvi mwenye kokoro anayeyajua maji hayo mafupi. Madume wote wako pamoja, na wanarudi palepale. Jike anayenaswa ananaswa na watoto wake kinywani.

Nikiyasema haya sokoni, wafanyabiashara wananijibu, na wana haki: "Mwalimu, mbona samaki wamejaa?" Ni kweli, mafungu yapo. Kumbe hapo ndipo kazi ya kupima hatari inapoanzia, kwa sababu kipimo cha macho sokoni na kipimo cha Orodha Nyekundu havipimi kitu kimoja. Sokoni tunatazama wingi wa leo. Wapimaji wanatazama kasi na mahali.

Orodha hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na vigezo vinavyotumika sasa vilichapishwa mwaka 2001. Kila spishi huwekwa katika ngazi moja: aliyetoweka kabisa, aliyebaki kufugwa tu, aliye hatarini mno, aliye hatarini, aliye dhaifu, anayeikaribia hatari, na asiye na wasiwasi kwa sasa. Ngazi tatu za katikati, kuanzia dhaifu hadi hatarini mno, ndizo zinazoitwa kwa pamoja ngazi za hatari. Pembeni kuna ngazi nyingine inayoniumiza kichwa kuliko zote, ya wale ambao taarifa zao hazitoshi, hiyo nitaifikia.

Tuanze na kasi. Mpimaji huuliza: katika miaka 10, au katika vizazi vitatu vya samaki huyo, mradi achukue muda ulio mrefu zaidi, idadi yake imeshuka kiasi gani? Ikiwa imeshuka kwa asilimia 30 au zaidi na chanzo cha kushuka hakijakoma, samaki ni dhaifu. Asilimia 50, yuko hatarini. Asilimia 80, yuko hatarini mno. Angalia kwamba hapa hakuna swali la wamebaki wangapi. Samaki wanaweza kuwa mamilioni, na bado wakawa wanateremka mlima kwa mbio. Ngege wa Ziwa Victoria, Oreochromis esculentus, alikuwa ndiye kitoweo na ndiye biashara ya ziwa zima. Wavu wake ukaanza kupungukiwa. Kisha sangara na sato wakaletwa ziwani miaka ya 1950, na ngege leo yuko katika ngazi ya hatarini mno.

Kuhusu mahali, wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaeleza kwa mfano wa njia ya misafara ya zamani, kwa kuwa hakuna mtoto wa Tabora asiyeijua. Chukua ramani. Pigilia msumari kila mahali ambapo msafara ulionekana: Bagamoyo, Unyanyembe, Uvinza, Ujiji. Sasa zungushia uzi misumari yote ya nje, uukaze. Nchi iliyo ndani ya uzi ni kubwa ajabu, na kwa samaki huo ndio upana wa kuenea kwake. Lakini je, mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe aliishi katika nchi yote hiyo? Hapana. Aliishi kambini, na kambi ilikuwa penye maji. Kwa hiyo mpimaji huweka juu ya ramani miraba ya kilomita 2 kwa 2, akahesabu ile tu ambayo samaki anaikalia kweli. Samaki anaweza kuwa na uzi mrefu na miraba michache. Uzi ukizunguka chini ya kilomita za mraba 5,000, au miraba ikiwa chini ya kilomita za mraba 500, mlango wa ngazi ya hatarini umefunguka. Anaingia iwapo anaandamwa na angalau mawili kati ya mambo haya: makazi yanazidi kuharibika, au idadi yake inapanda na kushuka vibaya, au anaishi katika sehemu chache tu.

Neno hilo "sehemu" lina maana yake, na mimi nilielewa maana hiyo kwenye kivuko cha Malagarasi.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika mtoni mapema mwaka 1858 wakielekea Ujiji, walimkuta mwenye kivuko, na mtumbwi haukuondoka mpaka hongo, yaani ushuru wa kuvuka, ikubaliwe. Stanley naye, Novemba 1871, alibishana bei hukohuko Uvinza, na punda wake mmoja akanyakuliwa na mamba wakati wa kuvuka. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, ina kambi nyingi, lakini kivuko kikifungwa misafara yote inasimama. Ndivyo wapimaji wanavyohesabu sehemu za samaki. Hawahesabu mabwawa, wanahesabu vivuko. Ikiwa samaki yuko katika mabwawa kumi na yote yananyweshwa na kijito kimoja, basi sumu ikimwagwa juu ya kijito, mabwawa kumi ni sehemu moja. Sehemu zisipozidi tano, samaki anaweza kuingia ngazi ya hatarini. Ikiwa moja tu, hatarini mno.

Watu hushangaa nikisema hivyo kuhusu Malagarasi, maana eneo lake ni kubwa. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000 ikiwa ya kwanza Tanzania, ina kilomita za mraba zipatazo 32,500, karibu mara 20 ya kisiwa cha Unguja. Wanajiolojia wengi wanaona mto huu ni mzee kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe, kwamba ulikuwa ukielekea Kongo kabla bonde la ufa halijaukata, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na samaki wenye jamaa zao Kongo. Yote hayo ni kweli. Lakini karomo hahitaji kilomita za mraba 32,500. Anahitaji maji mafupi yaliyotulia, yenye sakafu anayoweza kuijengea. Msitu ukikatwa mlimani kwa ajili ya tumbaku na mkaa, tope litateremka hadi kwenye vijukwaa vyake hata kama hakuna mtu aliyewahi kufika hapo.

Kuna samaki mwingine ambaye kwangu ndiye mtihani mgumu kuliko karomo. Kwa babu, upande wa Urambo, palikuwa na kidimbwi kando ya njia, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi ng'ombe walipita katikati yake bila kulowa kwato. Mvua za Novemba zikinyesha kinajaa, na baada ya wiki chache tunaona humo visamaki vyenye urefu wa kidole, madume yana rangi kali kama kanga mpya. Hakuna mto ulioingia pale. Babu alisema vinashuka na mvua. Nilimwamini mpaka nilipofika chuo, na hata leo sioni kosa lake. Alikuwa amefikiri kwa makini kutokana na alichokiona.

Hao ni samaki wa kundi la Nothobranchius. Mmoja wa kundi hilo anayeishi katikati ya Tanzania, Nothobranchius taeniopygus, alielezwa na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1891. Maisha yao ni ya msimu mmoja. Wanataga mayai kwenye tope, dimbwi linakauka, wazazi wote wanakufa, na mayai yanalala ndani ya udongo mkavu miezi yote ya jua. Mvua ikirudi yanaanguliwa. Jamaa yao mmoja wa Msumbiji amepimwa akakutwa anakomaa kwa wiki mbili tu tangu kuanguliwa.

Mpimaji akienda kwenye kidimbwi cha namna hiyo mwezi Agosti atahesabu sifuri. Akienda Januari atahesabu mamia. Zote mbili ni hesabu za samaki walewale, na asiyejua kwamba yai lililo ardhini ni samaki atakosea mara zote mbili. Halafu kuna miraba: dimbwi lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, moja hapa, lingine huko mbali, na kati yake pori ambalo samaki hawezi kulivuka. Kwa kigezo cha mahali, kundi hili liko kwenye ukingo tangu kuzaliwa kwake. Jaruba la mpunga lenye dawa ya wadudu, birika la mifugo, kifusi: kimoja kinatosha.

Kidimbwi cha babu kilijazwa kifusi barabara ilipopanuliwa. Sikatai barabara, shangazi yangu alifariki njiani akipelekwa hospitali kwa sababu ya ile ya zamani. Ninachosema ni kwamba kazi ilifanyika kiangazi, pakiwa pakavu kabisa, na hakuna aliyeona samaki hata mmoja akifa. Wafanyakazi waliona shimo. Mimi nilipita siku hiyo, nikaona greda likisawazisha udongo mwekundu juu ya ule mweusi, na ingawa nilikuwa nimeshajua kilichomo sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu. Kidimbwi hakikuwa kimeandikwa popote.

Karatasi hiyo ndiyo faida ya tathmini. Orodha Nyekundu haimkamati mvuvi wala haisimamishi greda. Inaandika tu. Lakini anayepima athari za mradi kwa mazingira hupekua orodha hiyo kabla ya kukata mti wa kwanza, na kisichoandikwa hakimzuii. Mwaka 2023 IUCN ilitangaza kwamba kati ya spishi 14,898 za samaki wa maji baridi zilizopimwa duniani, 3,086 zimo katika ngazi za hatari. Sehemu moja ya tano, na kidogo. Zaidi ya nusu ya walio hatarini wanaathiriwa na uchafuzi wa maji, karibu nusu na mabwawa na uchotaji wa maji, theluthi na viumbe wageni na magonjwa, robo na uvuvi uliopita kiasi. Sisi huku tuna tabia ya kumlaumu mvuvi peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana na wavu mkononi.

Wageni wanastahili neno zaidi. Kati ya mwaka 2011 na 2017 watafiti walizunguka maji ya bara ya Tanzania, wakawatambua perege katika vituo 123. Walikuta aina 14 zikiwa bado kwenye maji yao ya asili tu, na aina tatu zilizosambaa nje ya kwao: sato, Oreochromis leucostictus aliyetoka nje ya nchi, na ngege. Ndiyo, ngege yuleyule aliye hatarini mno kwao Victoria. Alipandikizwa katika mabwawa na maziwa mengine wakati wa mipango ya kuongeza kitoweo, mpaka kwa Kiingereza akaitwa perege wa Singida. Kwa hiyo mtu wa Singida anaweza kumla kwa wali na kuuliza hatari iko wapi. Tathmini huangalia kwanza nyumbani kwa samaki. Mgeni aliyeshiba ugenini hafuti msiba wa kwao, na huenda akaleta mwingine, kwa sababu perege wa aina tofauti huzaliana wakachanganyika. Mchanganyiko huo hauonekani kwenye wavu. Fungu linabaki kubwa vilevile, pengine linakua, huku samaki mwenyeji akiyeyuka ndani ya damu ya mwingine.

Sasa niifikie ile ngazi ya taarifa zisizotosha. Watu huisoma kama habari njema: hayuko hatarini. Sivyo. Maana yake ni kwamba tulipoulizwa hatukuwa na jibu. Na hata majibu yaliyopo huchakaa, kwani tathmini ikipita miaka 10 huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati. Malagarasi ni mbali, njia zake masika hazipitiki, na mtafiti anayefika hukaa wiki mbili. Nani yuko pale mwaka mzima? Wavuvi. Wachuuzi. Wanawake wanaokaa kando ya chanja wakigeuza samaki juu ya moshi.

Vigezo vyenyewe havikuwafungia mlango. Kushuka kwa idadi kunaweza kupimwa kwa kuhesabu moja kwa moja, lakini pia kwa kipimo chochote cha wingi kinachomfaa kiumbe huyo, kwa kiwango cha uvunaji, kwa kuharibika kwa makazi, kwa athari za wageni. Niliposoma mstari huo nilisimama, nikaenda kwenye sanduku la mama.

Mama hakumaliza darasa la nne, ila aliandika. Alikuwa na madaftari ya mauzo, yenye jalada la bluu, tarehe upande wa kushoto: matenga mangapi amenunua, kila tenga limetoa mafungu mangapi, fungu moja limechukua samaki wangapi. Aliandika ili asipunjwe. Ukizifuata kurasa zake kwa miaka, bei kando, unaona idadi ya samaki wanaojaza tenga lilelile ikipanda, kwa sababu samaki walikuwa wanapungua ukubwa. Hicho ni kipimo. Hakikufanywa na chuo, lakini kimefanywa kwa mkono mmoja, kwa tenga moja, kwa miaka mingi, jambo ambalo vyuo vingi havikuweza. Kasoro yake ni ile safu moja iliyoandikwa PEREGE, ambamo karomo, malagarasi na sato wamelala pamoja na siwezi kuwatenganisha tena.

Kiangazi kilichopita nilipanda treni nikaenda Nguruka. Nilifika asubuhi, samaki wabichi wakiwa bado kwenye mabeseni, nikaomba ruhusa ya kupekua.

"Mwalimu, unatafuta nini kwenye fungu langu?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa amevua tangu ujana wake.

Nilimweleza kuhusu kishada. Hakuniacha nimalize. Aliingiza mkono katikati ya fungu, akapapasa bila kutazama, akatoa dume moja na kuligeuza tumbo juu. Kishada kilikuwa pale, kimechanika nusu, kama uzi wa shanga uliokatika.

"Huyu si perege," alisema. "Huyu ni karomo. Perege ni jina la wanunuzi."

Akanieleza ni wapi alikuwa akiviona vichuguu akiwa kijana, na wapi anaviona sasa. Nikatoa rula nikampima samaki, kisha nikafungua daftari jipya, lenye jalada la bluu kama yale ya mama. Safu ya perege nilikuwa nimeichora pana. Nikapiga mistari miwili kuteremka chini yake, ikawa safu tatu, nikamwomba mzee anitajie tena majina, polepole, nami niandike.